Ngozi ya Mkono wa Kulia

Kijana akija kibandani kwangu hapa Ihanda, Karagwe, kutaka nimvalishie pikipiki yake ngozi mikononi, sianzi na pikipiki. Namwambia azime, ashuke, anyooshe viganja vyote viwili nivitazame kwenye mwanga. Wengine hudhani nataka kuwapigia ramli. Lakini kiganja cha bodaboda kina kila kitu ninachotaka kujua. Sugu zilizo chini ya kidole cha kati na cha pete zinaniambia anashika kwa nguvu kiasi gani. Sugu iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, mkono wa kulia, inaniambia anashinda saa ngapi kwa siku akivuta mafuta. Mkono wa kushoto ukiwa na sugu kubwa kuliko wa kulia, namuuliza habari za klachi, na mara nyingi nakuta waya umekauka hauna grisi, kila gia anaing'ang'ania kama anafungua kopo lenye kutu.

Mwezi uliopita alikuja mmoja, kiganja chake kina mistari myeusi ndani ya mikunjo kama masizi ya chungu. Akasema anaosha kwa sabuni ya unga kila jioni lakini haitoki. Nikashika usukani wake, mkono ukanatia. Mpira ulikuwa umeoza kwa jua na jasho, unayeyuka taratibu na kumhamia mkononi.

Mimi ni fundi viatu. Kabla ya hapo niliendesha bodaboda miaka tisa, nikaanza kubeba abiria kabla Kyerwa haijakatwa kuwa wilaya yake mwaka 2012, wakati ule mtu akisema anakwenda Nkwenda au Murongo bado anasema yuko Karagwe. Na kabla ya bodaboda nilikuwa mtoto wa fundi. Tata, yaani baba yangu, alishona viatu, akatengeneza ala za visu na mikanda, na zaidi ya yote alitengeneza matandiko ya baiskeli. Zile Raleigh nyeusi za wazee zilikuwa na tandiko la ngozi tupu, limewambwa juu ya chuma kama ngoma, na baadhi yake lilikuwa na jina Brooks limegandamizwa ubavuni. Baadaye nilikuja kujua kwamba Brooks ni kiwanda kilichoanza Birmingham, Uingereza, mwaka 1866, kikitengeneza vifaa vya ngozi vya farasi. Farasi walipopungua barabarani, baiskeli ikaja, ngozi ikahama kutoka mgongo wa mnyama ikaenda kwenye chuma. Kazi ya tata ilikuwa kuliamsha tandiko lililolala, alilipaka mafuta, akakaza nati ya mbele kidogo kidogo, akasubiri hadi kesho yake ndipo alikaze tena. Alikuwa akisema ngozi haikimbizwi.

Jina bodaboda nalo lilizaliwa kwenye baiskeli. Ni Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakivusha watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine. Kwa hiyo ninaposhona mkono wa pikipiki ya Boxer naona bado nipo kwenye kazi ya tata.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe. Wauza spea wanakiita gripu. Kijiweni utasikia mipira ya mkononi. Ni bomba la mpira linalovikwa kwenye ncha ya usukani, kushoto likiwa limekaa juu ya chuma moja kwa moja, kulia likiwa limekaa juu ya bomba la plastiki linalozunguka, ambalo ndilo linalovuta waya wa mafuta. Zikiwa mpya zinapendeza, zina vinundu na michirizi ya kushika. Kisha jua linazipiga, petroli inazidondokea, jasho la chumvi linaingia kila siku. Baada ya muda ama zinakauka na kuwa ngumu kama kwato, ama zinalainika na kunata. Michirizi inafutika. Mvua ikinyesha, mkono unateleza.

Vijana wanajisaidia wanavyoweza. Wapo wanaozungushia utepe wa mafundi umeme, ambao ukipata joto gundi yake inatoka pembeni. Wapo wanaofunga tyubu kuukuu ya baiskeli. Hiyo inashika vizuri, nisiidharau, ila jasho halina pa kwenda na kiganja kinashinda kimelowa mpaka kinakunjamana kama cha mfua nguo. Wapo wanaonunua soksi za manyoya za rangi, zinanyonya vumbi letu jekundu siku ya kwanza na siku ya pili zina uzito wa tope. Na wapo wanaovisha zile ngozi bandia za madukani. Hizo nazichukia waziwazi, kwa sababu mtu anaamini amevaa ngozi. Juu ni plastiki, chini ni kitambaa. Zikilowa zinateleza kuliko mpira uliokwisha, na baada ya jua la miezi miwili zinabanduka magamba.

Lakini kwa nini mkono usumbuke hivyo? Hapa nieleze polepole, maana wengi wanadhani ngozi ni urembo.

Injini ya pikipiki zetu nyingi ina silinda moja. Pistoni moja inapanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika, na hakuna pistoni ya pili ya kuipingia uzito, hivyo mtikisiko wake hauwezi kufutwa wote. Unapita kwenye fremu, unapanda kwenye usukani, unaishia mikononi. Ongeza na barabara. Lami ya Kyaka hadi Bugene imetupumzisha sana, lakini abiria hawaishi kwenye lami, wanaishi huko ndani migombani, na huko ni mawe, makorongo na vumbi lililojikunja mawimbi kama bati. Ongeza na baridi. Karagwe iko juu zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ukungu unakaa mabondeni kama maziwa. Nilipokuwa nampeleka mtu kuwahi gari alfajiri, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilikuwa vinakufa ganzi. Nikifika nilishindwa kuhesabu noti za chenji, namwambia abiria ajihesabie mwenyewe.

Nilidhani ni uchovu wangu tu. Kumbe ni jambo la zamani. Mwaka 1918 daktari mmoja Mmarekani, Alice Hamilton, alikwenda mji wa Bedford, jimbo la Indiana, kuwachunguza wachonga mawe waliotumia nyundo za upepo. Aliwakuta asubuhi za baridi vidole vyao vinageuka vyeupe na kufa ganzi, hasa vya mkono wa kushoto ulioshika patasi. Mtikisiko na baridi vikishirikiana vinabana mishipa midogo ya damu vidoleni. Mtu akiendelea miaka, ganzi inazoea kukaa. Kwa ngozi zetu nyeusi weupe ule hauonekani wazi kama kwa wale wachonga mawe, ndiyo maana vijana wengi wanasema tu "mkono umelala", wanaupiga pajani mara mbili tatu, wanaendelea.

Na hapa lazima niwe mkweli kwa mteja, kwa sababu wauzaji wengine hawasemi. Ngozi yenye unene wa milimita moja haimezi mtikisiko. Ukitaka kumeza mtikisiko weka kitu kinene na laini chini yake, au weka vile vyuma vizito vya ncha ya usukani. Ngozi inasaidia kwa njia nyingine. Kadiri unavyobana usukani, ndivyo mtikisiko unavyopanda zaidi mkononi hadi kwenye kiwiko. Mtu anabana kwa sababu anaogopa kuteleza. Mpe kitu ambacho hakitelezi, kinachonyonya jasho badala ya kulitandaza, ambacho hakiwi cha baridi kali alfajiri wala cha moto mchana kikiwa kimeachwa juani, naye atalegeza vidole bila kujua. Nimewaona. Kijana anaondoka hapa ameshika kwa ngumi, anarudi baada ya wiki ameshika kama anavyoshika yai.

Nimejifunza hayo kwa makosa, na kosa langu la pili lilikaribia kuniua.

La kwanza lilikuwa ngozi mbichi. Nilimwona mzee mmoja jirani akiwamba ngoma, ngozi imelowekwa, akaivuta ikiwa laini kama kitambaa, ikakauka imekaza mpaka inalia. Nikawaza, kama inakaza ngoma hivyo, itakaza mkono wa pikipiki bila hata gundi. Nikachukua kipande machinjioni, nikakikwangua manyoya, nikakishona kikiwa kimelowa. Kilikauka kikakaza kweli, kikawa kama mfupa. Mvua ya kwanza kikalainika, kikaanza kuteleza kama utumbo, na harufu ikaamka. Usiku wa tatu mbwa waliitafuna gripu ya kushoto mpaka kwenye chuma. Nikaelewa maana ya neno ambalo tata alilirudia kila siku, kwamba ngozi isiyopikwa dawa bado ni nyama.

La pili lilikuwa hivi. Nilipata kipande cha ngozi nzuri, nene, iliyobaki kwenye tandiko kuukuu la baiskeli. Nikajishonea mikono yote miwili, nikaifikisha mpaka mwisho, imefunika kila kitu, hakuna mpira unaoonekana. Nikajisifu. Siku mbili mambo yalikuwa mazuri. Siku ya tatu nilikuwa na abiria mama mmoja na mkungu wake wa ndizi, tumepanda kilima, tumefika kileleni, nikaachia mafuta ili tuanze kuteremka. Mafuta hayakuachia. Ngozi ya kulia ilikuwa imevimba kidogo kwa umande wa asubuhi, ukingo wake ukawa unabana boksi la swichi. Pikipiki ikaenda mbele ikiunguruma, mteremko unatuvuta, breki ya nyuma inanuka. Mama akasema kwa utulivu, "Mwanangu, punguza." Nikakamata klachi, injini ikapiga kelele bila mzigo, nikageuza ufunguo, ikazima. Tukasimama tukiwa tumeingia kwenye shamba la maharage la mtu. Mkungu ulidondoka. Yule mama alikaa chini kwenye matuta akanitazama muda mrefu bila kusema neno, na lile tazamo lake ndilo lililonifanya fundi.

Tangu siku hiyo najua kwamba mkono wa kushoto anaweza kuushona mtu yeyote mwenye sindano. Ukiuharibu, umeharibu mshono. Mkono wa kulia ni kazi nyingine. Kinachorudisha mafuta unapoachia ni springi moja iliyomo ndani ya kabureta, inayovuta waya kurudi chini. Nguvu yake si kubwa, na imewekwa hivyo makusudi, ili mkono usichoke kuvuta kutwa nzima. Ndiyo maana msuguano kidogo tu kwenye usukani unaishinda. Ngozi iliyogusa boksi la swichi, au iliyokunjwa mwishoni ikasugua chuma cha ncha, au gundi iliyopenya ndani ya bomba, yoyote kati ya hizo inatosha.

Ngozi ya kazi hii naipata wapi? Kwenye mitumba. Najua inashangaza kuisikia Karagwe, nchi ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu kama matawi, yenye ranchi kama Kitengule na Kikulula. Jaketi la ngozi la mtumba, lililochakaa mabegani asilolitaka mtu, mikono yake miwili inanipa ngozi ya pikipiki tatu au nne. Ni laini, ina unene wa milimita moja hivi, na imepikwa kwa kromu, dawa ambayo huifanya ngozi ivumilie maji kuliko ile iliyopikwa kwa magome. Ya magome ni nzuri kwa mikanda, matandiko na ala. Inakamata umbo la mkono vizuri mno, lakini mvua zetu za mwezi wa tatu hadi wa tano inazipokea vibaya, inakuwa na madoa na kukakamaa.

Jambo hili linaniuma, na nalisema. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Njombe kuna mashamba ya miwati tangu mwaka 1949 na kiwanda kinachotoa dawa ya magome ya kupikia ngozi. Mwanza, ng'ambo ya ziwa tu, kuna tawi la Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam linalofundisha teknolojia ya ngozi. Na mimi nashonea vijana wa Ihanda ngozi ya ng'ombe asiyejulikana, aliyechinjwa nchi nisiyoijua, akavaliwa na mtu Ulaya miaka kumi, akaja kwenye belo. Nimekwenda machinjioni mara nyingi kutazama ngozi zetu. Zina chapa za moto katikati ya mgongo, mahali pazuri kuliko pote. Zina makovu ya kupe na miiba. Zina matundu ya kisu cha mchunaji aliyekuwa na haraka kwa sababu analipwa nyama, halipwi ngozi. Chapa ingepigwa chini mguuni, na kisu cha kuchunia kingekuwa cha ncha ya mviringo, robo tatu ya hasara hii nadhani isingekuwepo. Kazi hiyo inaanza kwa mfugaji na mchinjaji, kabla hata ya kiwanda.

Kabla sijanunua jaketi nalipima. Nalibana kwa vidole. Ngozi ya kweli inakunjamana mikunjo midogo midogo kama ya nyuma ya kiganja, ya bandia inakunjika mkunjo mmoja. Nageuza ndani kutafuta nyuzinyuzi. Nikiwa na shaka nachomoa kijiuzi kimoja cha ukingo nakichoma, harufu ikiwa ya nywele zilizoungua nanunua, ikiwa ya ndoo ya plastiki naliacha.

Basi tuvalishe. Naanza na mpira wenyewe: naushika na kuuzungusha kwa nguvu kuona kama umekaa imara. Mpira unaozunguka peke yake juu ya bomba siushoni kabisa, kwa sababu mtu atavuta mafuta asipate kitu katikati ya kuipita lori. Nauosha kwa sabuni, nauacha ukauke. Kisha nachukua kipande cha karatasi ya daftari, naupima mzunguko. Chuma cha usukani kina kipenyo cha milimita 22, lakini ukishaweka bomba na mpira unafika kama 33, hivyo mzunguko unakaribia milimita 104. Sikati 104. Nakata 98. Ngozi inanyooka, na ule upungufu ndio utakaokaza. Ukikata sawasawa na mzunguko, baada ya mwezi itakuwa inacheza kama soksi iliyoisha lastiki.

Urefu ndio wenye siri. Kushoto nafika mpaka karibu na boksi. Kulia naweka sarafu ya shilingi 100 kati ya mwisho wa ngozi na boksi la swichi. Ikipita bila kukwaruza, nafasi inatosha. Upande wa nje siukunji kuelekea ndani hata mteja akiomba. Wanaomba sana, maana mkunjo unapendeza.

Matundu natoboa kwa maharazi, milimita nne kutoka ukingoni na milimita tano kati ya moja na jingine. Yanakuja kama 24 kila upande, na lazima yalingane. Ukizidisha tundu moja upande mmoja, mshono unapinda kama nyoka na ngozi inajikunja mwilini mwa mpira. Uzi ni wa nailoni, nausugua kwenye nta ya nyuki mara tatu, kwanza kwa sababu unateleza kwenye tundu, pili kwa sababu nta inaziba tundu maji yasipite. Urefu wake meta moja na kidogo, sindano mbili butu, moja kila ncha.

Siunganishi kingo kwa kupandisha moja juu ya nyingine. Tuta kama hilo utalisikia kiganjani mpaka mjini Kayanga. Kingo zinakutana uso kwa uso. Sindano zinatoka chini kwenda juu, zinapishana msalaba, moja inaingia kushoto nyingine kulia, kama kamba za viatu. Ndiyo namna ileile inayotumika kuvalisha usukani wa magari. Kila misalaba mitatu navuta, sivuti kila mmoja, maana ukivuta kila mmoja unachana tundu. Na kwa mkono wa kulia navuta kuelekea upande wa kufunga mafuta. Bomba likishagota mwisho wake linanishikia kazi lenyewe, sihitaji msaidizi.

Mshono ukae wapi? Mahali ambapo kiganja hakikai, yaani mbele kwa chini. Lakini kulia unazunguka pamoja na mafuta, na mtu hasafiri na mafuta yakiwa yamefungwa. Hivyo namwambia mteja apande, ashike kama yuko njiani, avute robo ya mafuta, nami natia alama ya chaki hapo chini ya vidole vyake. Kama ana vidole vifupi simwekei tyubu chini ya ngozi. Mkono ukifunga, ncha ya kidole cha kati ikaribie kufika kwenye nyama ya dole gumba. Gripu nene kuliko hivyo inachosha mkono haraka, japo wengi wanadhani unene ndio raha.

Nikimaliza kulia hakuna kulipa wala kuondoka. Navuta mafuta injini ikiwa imezimwa, naachia ghafla. Lazima yarudi yenyewe kwa mlio wa "tap". Nalowesha kitambaa maji, naizungushia ngozi nusu saa, ivimbe kama itakavyovimba kwenye mvua, narudia. Kisha nawasha, nageuza usukani wote kushoto, wote kulia, nikisikiliza. Mlio wa injini ukipanda usukani unapogeuka, waya umebanwa au hauna nafasi yake ya kucheza, ile milimita mbili au tatu kabla mafuta hayajaanza kuvuta. Hilo linarekebishwa kwanza. Na kila mteja namfanyisha jambo moja akiwa bado hapa kibandani: mafuta yakigoma kurudi, kamata klachi, zima kwa swichi au ufunguo, ndipo uvute breki. Afanye mara tatu kwa mikono yake. Kama swichi ya kuzimia imekufa, na nyingi zimekufa, namwelekeza kwa fundi pikipiki.

Wapo ninaowarudisha. Anayekuja akisema pikipiki yake "imeanza" kutikisika, yaani zamani haikuwa hivyo, huyo hahitaji ngozi. Boliti za kushikia injini zimelegea, au beringi za gurudumu zimekwisha, au rimu imepinda. Nikimvalisha ngozi nzuri nitakuwa nimeziba mdomo wa pikipiki inayolalamika.

Matunzo si mengi. Ngozi ikilowa ikaukie kivulini, isianikwe juani wala karibu na moto wa mkaa. Ikianza kukauka midomo, paka samli kidogo sana, kiasi cha punje ya harage kwa mkono mmoja, isugue mpaka ipotee. Wafugaji wa huku wametumia samli kulainisha ngozi tangu zamani, nami sijapata dawa ya dukani iliyonishawishi kuiacha. Samli ikizidi, mkono utateleza, na itaalika panya. Msimu wa mvua nachanganya na nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Kwa matunzo hayo ngozi ya bodaboda wa kutwa nzima inafika mwaka, na mwaka wa pili haijafa, imekuwa nyeusi na kung'aa pale vidole vinapolala.

Natoza shilingi 8,000 kwa mikono miwili. Gripu mpya za mpira zinapatikana kwa nusu ya hiyo au pungufu, nami sibishani na anayezichagua. Mwenye pikipiki ya mkataba, anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, namkubalia alipe kushoto leo na kulia wiki ijayo. Ila nikishona kwa mafungu hivyo naanza na kulia.

Yule kijana wa mistari myeusi nilimvalisha siku ileile. Tulikwangua mpira wote ulioyeyuka, tukaweka mipya, nikashona ya kulia kwa mkono wa jaketi la kahawia lililokuwa na kifungo bado kimening'inia. Sarafu ikapita. Kitambaa cha maji kikakaa nusu saa, yeye akila mahindi ya kuchoma. Tap. Akafanya zoezi la klachi na ufunguo mara tatu, ya tatu akiwa amefumba macho bila mimi kumwambia. Akasema, "Shikamoo fundi, nimechelewa abiria," akaondoka.

Kutoka kibandani kwangu barabara inapanda kwanza, halafu inaangukia upande wa pili ambao siuoni. Niliweka maharazi chini nikasikiliza. Alipanda, moto umejaa, mlio ukanyooka mpaka kileleni. Kisha ukakatika mara moja, safi, ikabaki sauti ya tairi kwenye changarawe ikiteremka.